Dada Yetu Shikilia na Mashine Mbili Zilizobaki

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la utani la Shikilia, alizaliwa tarehe 9 Juni 1978, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na karani wa posta. Jina alipewa na mama, kwa sababu kila walipovuka barabara alikamata pindo la gauni lake kwa mikono miwili. "We mtoto, utanivua nguo mbele za watu!" mama alimfokea. Hakuachia. Alikuwa mwoga, na yeye mwenyewe hakuona haya kulisema.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 2001 akahitimu chuo kikuu katika sayansi ya kompyuta.

Kazi yake ilitushinda kuwaeleza majirani, hivyo naomba mnivumilie. Iko programu inayoiga prosesa, yaani ubongo wa mashine, ndani ya kompyuta ya kawaida, ili mashine ijaribiwe kabla haijamgusa mtu. Imeandikwa kwa lugha moja ya kompyuta. Dada aliandika viunganishi vya kuwawezesha wanaotumia lugha nyingine nao kuitumia, akavitoa bure. Kiwanda kimoja cha mashine za kupumulia wagonjwa kilivichukua.

Mwaka 2010 aliolewa na mwalimu wa hesabu. Shemeji husema alimposa akiwa ameng'ang'ania kompyuta, naye akakubali bila kuinua macho.

Machi 2019 aligundua kosa lake. Kiwandani walikuwa wakikikabidhi kiunganishi kipande cha programu kama mlinzi, kikae macho wakati wa jaribio, na kupiga kelele ikiwa hewa imezidi na kengele ya mashine haikulia. Lakini lugha yao ina mfagiaji, anayeondoa kwenye kumbukumbu chochote kisichoshikwa. Katika kiunganishi, dada alisahau kuandika amri ya kumshika mlinzi. Jaribio likirefuka, mlinzi alifagiliwa, na kiunganishi kikaendelea kimya bila mlinzi. Ule ukimya wakausoma kuwa ni usalama, na mashine zikatoka na kengele inayoweza kunyamaza.

"Mimi, mimi wa kusahau kushika!" alilia jikoni, na kikombe kikamponyoka.

Alirekebisha, akawaandikia wote. Mashine zikarudishwa, isipokuwa mbili zilizokuwa zimeuzwa mkono kwa mkono. Tangu hapo simu ikiita, alishtuka.

Februari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua. Tarehe 3 Mei alilazwa, na daktari akasema lazima aunganishwe na mashine. Ilipoingizwa wodini, aliitambua kuwa ni ya kiwanda kile. Kibandiko cha namba kilikuwa kimebanduka, na mashine nyingine ya kutumia haikuwepo. Alinikamata mkono hadi kucha zikaniingia.

"Ni mojawapo ya zile?" aliniuliza.

"Mama, hii iko sawa kabisa," fundi wa hospitali alimwambia dada.

"Nani kakwambia? Hebu ziba hilo bomba, hewa ijae, nisikie kengele."

Fundi akaliziba kwa kiganja. Tukasubiri. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Kisha kengele ikalia, wodi nzima ikageuka, na dada akacheka mpaka akakohoa. "Hii si mojawapo ya zile. Haya, niunganisheni," akasema.

Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Mei. Kengele ililia ilipopaswa kulia na madaktari walifika mbio. Ni mapafu yaliyokataa.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, mimi mdogo wake, na mashine mbili ambazo hazijapatikana. Ziko mahali fulani, na huenda sasa hivi kuna mtu amelala kando ya mojawapo. Wazo hilo linaninyima usingizi kama lilivyomnyima yeye. Nawaomba, yeyote anayefanya kazi hospitalini au atakayeuguza mtu, kabla mgonjwa hajaunganishwa, zibeni bomba, msikilize kama kengele inalia.

Pumzika, dada. Sasa unaweza kuachia. Tumeshika sisi.