Bibi Kangaga Anastaafu Bila Matembezi Yake

Katika bustani hii ya mimea hakuna anayeandika kunizidi, wala anayesukuma toroli kwa madaha kama mimi, na kwa sura tusiongee, tutaudhi watu. Mwalimu aliyenifukuza darasa la saba angesoma haya, angeomba nimfundishe. Mkuu wetu alipouliza nani ataandika wasifu wa mstaafu, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

Mstaafu ni mtaalamu wetu wa mimea isiyochanua, Bibi Kangaga. Ametumikia bustani miaka thelathini na mmoja, na leo, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, anakabidhi funguo za banda la vioo.

Alipoajiriwa, msichana mbichi kutoka chuoni, alipewa mawaridi. Wiki haikuisha akaomba kuhamishwa. Mawaridi, alisema, yanajipendekeza mno. Yeye alitaka kangaga, lile gugu lenye majani mapana yaliyochanika kama mwavuli uliopigwa na upepo, linalopenda udongo mchachu, kingo za msitu na miteremko iliyoungua. Wafugaji hulilaani, maana ng'ombe akizoea kulila, sumu yake humwangusha. Hakuna anayelipanda. Linajipanda lenyewe.

Wageni walimuuliza lini litatoa maua. Yeye aligeuza jani, akakunjua ukingo wake na kuwaonyesha vumbi la kahawia lililojificha pale. Halina ua, halina tunda, halina mbegu, aliwaambia. Uzao wake ni vumbi hilo tu, na limeshafika karibu kila bara. Kisha aliwauliza waridi lao limefika wapi.

Mwaka mmoja moto uliruka uzio, mteremko wa kangaga ukabaki majivu. Wafanyakazi walikwenda kumpa pole, nyuso za msibani, wakamkuta anakunywa chai. "Mnalilia nywele," aliwaambia, "kichwa kiko chini." Kweli, shina la kangaga hutambaa chini ya udongo, moto na panga haviligusi. Mwezi haukuisha, machipukizi yakatokeza, yamejikunja kama ngumi za kichanga.

Mimi naye ni utani wa bibi na mjukuu. Aliniita Debe, nanyi mnajua debe tupu linavyovuma. Alisema hata kangaga hutoka ardhini limeinamisha kichwa, ila mimi nilizaliwa mdomo wazi. Nilimjibu kwamba mdomo huu ndio utakaomsifu siku akiondoka. Siku yenyewe ndiyo hii, na naandika nimeinamisha kichwa hasa.

Kazi yake kubwa iko nyuma ya kitalu. Pale mteremko mzima umejaa kangaga, ungedhani ni mamia. Kumbe ni moja, shina moja linalotembea chini kwa chini. Kila mwaka, mvua zikikatika, alifukua akatafuta ncha ya shina ilipofikia, akagongelea kipande cha chuma. Hakupima. Aliapa atapima mara moja tu, siku ya kuagwa, akitutembeza kutoka chuma cha kwanza hadi cha mwisho, tuone kitu kisichosifiwa na mtu kimekwenda umbali gani.

Hayo ndiyo Matembezi mliyotangaziwa kuwa yameahirishwa kwa sababu ya matope.

Wiki iliyopita hema la sherehe lililetwa halina vigingi. Niliambiwa nihangaike. Basi nikahangaika, kwa sifa zangu zote: nikaingia nyuma ya kitalu, nikafyeka, nikakuta vyuma vimenyooka safi, vimejipanga mstari. Nikamshukuru Mungu, nikaving'oa vyote bila kuuliza ni vya nini. Kangaga nililolifyeka litaota tena, hata silililii. Lakini mvua ya siku ile ile iliziba matundu, na sasa hakuna ajuaye chuma kipi kilikaa wapi. Mkuu akaona tuseme matope, tusimharibie mama wa watu siku yake. Wasifu alioupitisha yeye uliishia kwenye moto na chai. Huu nimeupeleka mwenyewe kwa mchapaji.

Bibi, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kunivumilia. Sisi sote tunakuombea siku njema, afya, na magoti yasiyolalamika. Ila usiwaulize matope yako wapi. Njia ni kavu. Vyuma vyako ndivyo vinavyoshika kamba za hema hili ulilokaa chini yake, na aliyeving'oa ni mimi.