Radi Kavu ya Mangapwani

Basi la kutoka Mangapwani kwenda mjini lilikuwa na abiria wachache, hivyo Nassra, mtangazaji wa redio, aliyasikia yote yaliyosemwa kiti cha mbele yake. Habari aliyoiandaa kwa taarifa ya saa saba mchana ilisema mripuko umetikisa kijiji jana. Neno hilo lilikuwa midomoni mwa wanakijiji tangu jana na lilikwisha kuwatia watu hofu, na wengine walikuwa wanafunga virago.

“Kile cha jana ni kimondo, Bi Mkubwa,” kijana mmoja alimwambia bibi aliyekaa naye. Alikuwa mwalimu wa sayansi. “Jiwe la angani limepasuka.”

“Kimondo hupita kimya, mwanangu. Kile kilinguruma. Mama yangu akikiita radi kavu.”

“Radi hutoka mawinguni, na jana magharibi hapakuwa na wingu.”

“Ndiyo maana ikawa kavu.”

Nassra aliuma mdomo asicheke. Mwalimu hakucheka, alikuwa na hesabu zake. “Toka mwanga mpaka mlio, ulipita muda gani?”

“Nlikuwa navuta uradi. Nlihesabu punje tisini za tasbihi, bila ya haraka.”

Mwalimu alikokotoa kwa vidole. “Tuseme punje moja sekunde moja, na mlio huchukua sekunde tatu kwa kilomita. Basi kilipasukia mbali, kilomita thelathini, kama si zaidi. Hakuna wa kuhama.”

“Hilo nnalijua. Mie sijafunga kitu.”

Nassra akalifuta neno mripuko katika habari yake. Basi liliposimama Darajani, aliwawahi mlangoni. “Shikamoo, Bi. Mtakuja redioni nyote wawili, muwatulize watu?”

“Marahaba. Twende. Lakini mie ntasema radi kavu.”

“Na mimi ntasema kimondo,” mwalimu alijibu, huku akimpokea mkoba.