Daktari Nieves Turpo, Aliyelinusuru Zizi la Nuñoa

Dada yetu Nieves Turpo Ccallata alizaliwa tarehe 14 Mei 1961 hapa Nuñoa, mkoa wa Puno, Peru, kifungua mimba wa Mzee Fortunato na marehemu mama Basilia. Mimi ni Abdón, mdogo wake, na leo sioni haya kumsifu.

Alisoma hapa hapa, kisha akasomea udaktari wa mifugo Puno na kuhitimu mwaka 1986. Akarudi. Wangapi wamesoma wakarudi?

Baba alikuwa na dume la alpaka, mnyama wetu wa sufu, jina lake Mariskali, mshindi wa maonyesho, hata watu wakampa baba jina la Baba Mariskali. Lakini mabinti wa dume huyo, waliotapakaa mazizi yote ya kijiji, walikuwa hawazai. Desturi yetu ni kwamba jike akishapandwa, baada ya muda tunamletea dume tena. Akimtemea mate, ana mimba. Mabinti hao walitema mate kwelikweli, tukashangilia, na watoto hawakuja. Majike hao wakaanza kupelekwa machinjioni, nao wajane wa kijiji hawakuwa na mali nyingine. Nieves aliomba ovari za majike waliochinjwa, akazipasua. Akakuta kifuko cha yai kimegeuka mwili wa manjano, ule unaotoa homoni ya kutunza mimba, kabla hakijapasuka. Yai limefungiwa ndani! Jike alimkataa dume kama mjamzito, kumbe tumbo tupu. Akafuatilia ukoo wa zizi zima: kasoro ilikuwa ya kurithi, na ilitoka kwa Mariskali.

Alimwambia baba mbele yetu sote, "Baba, Mariskali ahasiwe."

"Umesoma ili uje kuniaibisha?"

"Nimesoma ili zizi lisife, baba."

Baba alimnunia mwaka mzima. Halafu asubuhi moja akamfunga Mariskali kamba mwenyewe, akamwita bintiye aje na kisu chake. Dume mwingine akaletwa, na mazizi ya wajane yakajaa watoto tena.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na mwalimu Teodosio Ccama, aliyelalamika mbele ya wageni kwamba mezani kwao kuna ovari nyingi kuliko sahani.

Aliugua saratani ya tumbo mwaka 2018, akafariki tarehe 2 Agosti 2019, mikononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, Yesenia na Wilber, mimi mdogo wake, na baba. Jana nilipokuwa namsomea wasifu huu nilimtaja hapa kama Baba Mariskali, mzee akanikatiza.

"Futa hilo," alisema. "Andika Baba Daktari."

Pumzika salama, dada yetu.