Mwangangi wa Picha na Harusi ya Idah

Mchungaji, wazee, akina mama, majirani wa Makongeni na Gatongora, na wakwe zetu wa Kamenu, poleni kwa safari na kwa vumbi la barabara hii ya Ngoliba. Historia hii imeandikwa, na sasa inasomwa, na dada mkubwa wa marehemu, Kavindu, mwalimu mstaafu, ambaye amepewa dakika kumi na mwenye ratiba, na ambaye kwa miaka thelathini na minane aliwafundisha watoto kutii kengele, lakini leo anaomba asiharakishwe.

Joseph Mwangangi Muthoka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1971, katika nyumba ya chumba kimoja mtaani Makongeni, mjini Thika, akiwa wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Muthoka, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, na mama Syokau, ambaye ameketi hapa mbele, na ambaye kwa miaka yake themanini na minne hakustahili kuitwa kwenye shughuli ya namna hii. Alianza shule ya msingi hapo hapo Makongeni mwaka wa 1978, akafanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1985, kisha akaingia sekondari mwaka wa 1986 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1989, kwa alama ambazo dada yake anazikumbuka vizuri sana na ambazo, kwa heshima ya marehemu, hatazisoma.

Mwezi wa Januari 1990 mzee Muthoka alimtafutia kazi kiwandani, naye akaifanya kwa miezi saba, mpaka siku alipotumwa kupiga picha ndogo ya kitambulisho cha getini, kwenye studio ya mzee Gachanja karibu na soko la Thika, na mzee huyo, kwa kuona kijana ana maswali mengi, akamwingiza kwenye chumba cha giza na kumwonyesha sura yake mwenyewe ikijitokeza polepole kwenye karatasi iliyolala majini. Kiwandani hakurudi, hata kuchukua sufuria yake ya chakula hakurudi, na baba hakumsemesha karibu mwaka mzima, akisema kwamba mwanamume mzima hawezi kulisha watu kwa kubonyeza. Alimfagilia mzee Gachanja, akamshikia mwavuli wa taa, akamchanganyia dawa za kusafishia picha, na baada ya miaka mitano na ushee akaaminiwa kamera, kisha tarehe 1 Machi 1996 akafungua studio yake Makongeni, yenye pazia la maporomoko ya maji na kiti kimoja cha kifalme, ambacho wengi wenu mliomo hapa mmekikalia.

Alikuwa fundi, na hilo halisemwi kwa sababu amelala kwenye jeneza. Alipiga picha za vitambulisho, za ubatizo, za mahafali, za watoto siku ya kwanza ya shule wakiwa wamevaa sweta za kukua nazo, na wengi wa waliotangulia mbele za haki kutoka Makongeni, picha iliyowekwa juu ya jeneza lao ilitoka mkononi mwake. Alipiga kelele pia, na yeyote aliyewahi kupangwa naye kwenye mstari anajua ile sauti ya "Wewe wa nyuma, shingo!", ambayo haikubagua askofu wala chokoraa. Mwaka wa 2006 aliacha filamu akaingia kwenye kamera za kisasa, na mwaka wa 2009, watu walipoanza kujenga kwa wingi upande wa Ruiru, akafungua tawi la pili Gatongora.

Alifunga ndoa na Emmah Wangechi wa Kamenu tarehe 25 Aprili 1998, siku ambayo bwana harusi aliinuka kwenye kiti chake wakati wa keki, akaenda kumsogeza mpiga picha upande wa kivuli, akarudi kuketi kana kwamba hakuna lililotokea. Mungu aliwajalia watoto wawili, Idah Syokau, aliyezaliwa tarehe 17 Novemba 1999 na kupewa jina la nyanya yake, na Dennis, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2004. Tangu Idah akiwa darasa la nne, baba alikuwa akimwambia mbele ya watu, "Harusi yako nitaipiga mwenyewe, hakuna mtu atakuja hapa kukukata kichwa kwa picha," na mtoto akakua akijua hivyo, nasi sote tukajua hivyo.

Mwezi wa Mei 2016 aligunduliwa kuwa na presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula macho kuanzia kando kwenda katikati, na daktari akampa dawa ya matone ya asubuhi na jioni kwa maisha yake yote, akamweleza wazi kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Matone yale yalimtia ukungu machoni kwa saa kadhaa, na Mwangangi alikuwa na harusi kila Jumamosi, basi akaanza kuyaacha Ijumaa jioni ili Jumamosi aone vizuri, na ulipofika mwezi wa Agosti au Desemba, ambapo watu huoana hata siku za katikati ya wiki, aliyaacha mwezi mzima. Hakumwambia mtu. Mkewe alikuja kukuta chupa tatu zimejaa kwenye mfuko wa kamera mwezi wa Februari 2019, na jicho la kulia, lile la kazi, lilikuwa limekwisha kuzimika. Alihamia jicho la kushoto, akaendelea, hadi wateja walipoanza kurudisha picha wakiuliza mbona bibi harusi amesimama pembeni kama mgeni, na mwezi wa Julai 2022 akafunga tawi la Gatongora, na mwaka uliofuata studio ya Makongeni, na kufikia katikati ya mwaka wa 2024 alikuwa anaona mwanga na kivuli tu.

Harusi ya Idah na Ngigi ilipangwa tarehe 14 Desemba 2024, kanisani Gatongora. Hapa dada anaomba mumsikilize vizuri, kwa sababu tulilofanya tulilifanya sote. Tuliketi mwezi wa Novemba, familia nzima, Mwangangi akiwa ameenda kunyolewa, tukaulizana ni nani atamwambia kwamba hawezi, na kila mtu akamtazama mwenzake. Emmah alisema, "Mimi siwezi, nimelala na huyu mtu miaka ishirini na sita, mwambieni nyinyi," na Idah alisema afadhali akose picha kuliko baba akose harusi, nasi wakubwa tukanywa chai, tukafunga kikao kwa maombi. Wakwe wa upande wa Ngigi walituma mpiga picha wao bila kutuuliza, na walifanya vyema, lakini asubuhi ile Kavindu alimwona ndugu yake mlangoni pa kanisa, amevaa kizibao chake chenye mifuko mingi, kamera shingoni, amenyooka, akienda kwa kuhesabu hatua, na akashindwa kumzuia. Ni yeye, Kavindu, aliyemrudisha getini yule mpiga picha wa wakwe, kijana wa watu, akamwambia kazi ina mwenyewe. Kisha mchungaji, kwa desturi ya siku hizi, akawaomba waumini waweke simu mifukoni, kwa kuwa mpiga picha yupo, na watu wakatii.

Zilipigwa picha mia sita na kumi na nne. Ndani yake kuna turubai, kuna dari ya kanisa, kuna viatu, kuna nusu ya bega la mtu tusiyemjua, na ya bibi harusi mzima hakuna hata moja. Tangu Januari, kila Jumapili baada ya ibada, Idah alitoka Ruiru na kompyuta yake, akaketi na babake barazani Makongeni, akamweleza picha moja baada ya nyingine, kwamba hapa mama anacheka ameinua mkono, hapa nyanya analia na anajificha, hapa Ngigi amekanyaga shela. Siku moja Kavindu alipita nyuma yao na chai, akasikia habari za keki na huku kwenye kioo kuna mguu wa kiti, naye akarudi jikoni, akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Tarehe 29 Mei 2025 Mwangangi alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitalini Thika, ambako madaktari walifanya yote waliyoweza na sisi hatukuweza lolote ila kubadilishana zamu kwenye kiti cha plastiki, na Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubuhi, alituacha akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Picha zilikuwa zimefikia ya mia nne na kumi na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Makongeni waliolala nasi sebuleni, wapiga picha wenzake wa Thika na Ruiru waliofika leo na kamera zao bila kuitwa, kanisa, na wakwe zetu, ambao Kavindu anawaomba msamaha kwa ajili ya yule kijana wa getini.

Imebaki shukrani moja, nayo si ya familia, ni ya marehemu mwenyewe. Ijumaa tarehe 6 Juni ulimi wake ulifunguka kidogo, akamwita dada yake karibu, akasema hivi, "Kavindu, zile picha ni mbovu. Kamera ikimpata mtu hulia kidogo, wewe hujui, na siku ile haikulia hata mara moja. Nilijua tangu pale mlangoni. Lakini Idah akinieleza, naiona. Usimwambie aache. Akimaliza zote, mwambie asante, mwambie babake aliiona harusi." Hakukuwa na Jumapili nyingine ya barazani, na tangu msiba uingie Idah amelia mbele ya kila mtu kwamba alimdanganya babake mpaka kaburini, na shangazi yake, mwenye neno la kumtuliza, amelizuia, kwanza akisubiri nyumba ipungue watu, kisha, ukweli usemwe, akiogopa kuulizwa ni nani aliyemrudisha yule kijana. Basi Idah, mama, uliyebeba jina la mama yetu, asante yako ni hiyo, imechelewa siku kumi na tano, na aliyeichelewesha ndiye huyu aliyesimama hapa mbele yako. Mwangangi, mtoto ameambiwa, pumzika kwa amani.