Swichi Iliyohamishwa Bila Mtu Kuambiwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka fundi umeme wa boti, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Fyuzi. Alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, akiwa kazini. Jumanne hii hii. Bado hatuamini.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Ishirini kati ya hiyo aliitumia kwenye karakana moja ya boti za matanga, akifunga winchi za umeme. Winchi ni ile ngoma ya chuma inayozunguka na kuvuta kamba ya tanga. Unabonyeza kitufe, inavuta. Ina nguvu za watu kumi, na haimjui mtu.

Kila winchi aliyofunga, aliiwekea swichi nyekundu ya kukata umeme, pale pale mkono unapofika. Hapo hakutaka mjadala.

Mumewe, fundi cherehani, anatuambia: "Huyo alikuwa anazima umeme wa nyumba nzima ili abadilishe balbu ya chooni! Namwambia, we mwanamke, pasi yangu inapoa! Ananijibu, pasi itapata moto tena, mimi je?" Anacheka, kisha anafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

Jumanne hiyo alikuwa na mshona matanga, mwenzake wa kazi kwa miaka kumi na mmoja. Walikuwa wanajaribu tanga jipya, boti ikiwa imefungwa gatini. Mwenye boti alisimama karibu na mlingoti, simu sikioni. Mama Fyuzi akabonyeza kitufe. Tanga likapanda, likafika juu. Akaachia kitufe.

Winchi haikusimama.

Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya kwenye kitufe, kikanasa. Kamba ikazidi kukaza. Mlingoti ukaanza kulia. Akapeleka mkono kwenye swichi nyekundu, aliyoifunga mwenyewe miaka mitatu nyuma. Akagusa ubao mtupu. Swichi haikuwepo. Narudia, wasikilizaji: swichi haikuwepo. Mwenye boti alikuwa ameihamishia chini chumbani, eti inaharibu sura ya boti. Hakumwambia mtu.

"Shuka chini, kaka! Itafute!" Mama Fyuzi akampigia kelele mshona matanga.

Mshona matanga akashuka mbio, akirusha mito na madumu huku na huku. Mama Fyuzi angeweza kukaa mbali. Lakini mwenye boti alikuwa ameganda, mdomo wazi, mbele kabisa ya ile kamba. Mama Fyuzi akamrukia, akamsukuma akaanguka pembeni. Kamba ikakatika. Ikampiga yeye.

"Niliipata nyuma ya kiti," anasema mshona matanga. "Nikazima. Kukawa kimya. Nilijua nimewahi. Nikapanda nikisema, tayari dada, nimezima. Hakunijibu."

Msibani, mwenye boti alisimama mwenyewe mbele ya familia. "Swichi niliihamisha mimi," akasema. Mume akainuka. "Nilitaka kumpiga," anatuambia. "Mikono ikanikatalia. Nikamwambia tu, keti."

Kwa mume, kwa mabinti wawili na kwa mafundi wenzake wote, poleni sana. Hatuna neno la kuwatosha.

Nawe unayetusikiliza ukiwa karakanani, kiwandani au melini: simamisha kazi sasa hivi. Mgeukie aliye karibu nawe, umuulize swichi ya kukata umeme iko wapi. Akikuonyesha kwa kidole, usiridhike. Nenda ukaiguse.