Aliyetikisa Kikombe

Sogeeni, lakini kabla hamjasogea kila mmoja atoe simu yake aiweke juu ya blanketi, hapa miguuni pangu, niione. Wewe pia, dada Ozella, usinikodolee macho, najua unayo kwenye mkoba wa kanisani, chini ya Biblia. Na wewe Hosea, ndugu yangu, ingawa yako ni kuukuu na haina hata kamera. Tavares, mwanangu, ya pili iko wapi? Mtu aliyekuja kutoka Atlanta hawezi kuwa na simu moja. Haya. Ondria, funga mlango, uongeze kasi ya feni ya darini, maana nimeona kivuli kikipita kwenye wavu wa dirisha, na jirani yetu huyu hajawahi kuja kutujulia hali siku ya Jumapili.

Sikilizeni basi. Daktari amesema figo zangu zimemaliza kazi, nami nimekataa kurudishwa kwenye ile mashine ya kusafisha damu, na mtu akishaikataa mashine ile haweki miadi ya mbali. Mimi Cleophus Batiste, ambaye mitaa ya kusini ya Houston ilimwita Molasi, ile asali nzito ya miwa, kwa kuwa maneno yangu hayakuwahi kutoka kinywani kwa haraka, nawausia nikiwa na akili zangu timamu, na atakayesema kesho kwamba dawa zilinipumbaza ana sababu yake ya kusema hivyo, mwulizeni ni ipi. Sina hofu ya kufa. Hofu yangu ni kwamba nitaendelea kusema baada ya kufa. Kuna mtu ameiba sauti yangu, na mtu huyo yumo humu chumbani, na sitaki kufumba macho kabla jambo hili halijanyooka.

Mnaujua wimbo ninaousema. Hosea alikwenda kunyolewa, akaukuta unapigwa pale kinyozini, watu wanatikisa vichwa, wanasema mzee Molasi bado yumo, na mimi sijarekodi hata ubeti mmoja tangu kifua hiki kianze kupiga filimbi. Akaja nao hapa kitandani. Nikajisikia mwenyewe nikisifia gari langu, nikisifia mtaa wangu, kwa sauti yangu, kwa uvivu wangu ule ule wa kuburuta mwisho wa neno, na nusura niamini kwamba niliurekodi nikasahau. Kisha ukaja ubeti wa mwisho, na kwenye ubeti huo nikamtaja binti yangu Ondria kwa jina. Hapo ndipo nilipojua kwamba yule si mimi.

Mtu wa kwanza niliyemshuku ni wewe, Tavares, na usiinamishe kichwa, sijamaliza. Ni wewe uliyemleta yule bwana Whitlow wakati wa Pasaka, mwenye viatu vilivyochongoka, akakaa kwenye kiti cha marehemu mama yenu bila kuuliza, akaisifu nyama niliyoichoma kabla hajaimeza. Mtu anayesifu nyama kabla hajaimeza amefuata kitu kingine. Akasema kampuni yake inaweza kuifunza kompyuta sauti yangu, nikaimba miaka mia baada ya kuzikwa. Nikamwuliza, na nikiwa sitaki kuimba? Akacheka, akamtazama Tavares, kana kwamba mimi tayari nilikwisha kuzikwa na wao wawili wanagawana viti. Niliwatoa wote wawili kwa mlango wa mbele, nikakukataza wewe kukanyaga humu mpaka nikuite, na leo nimekuita.

Msidhani nilizaliwa na jicho hili. Ukimwona nyani mzee, jua amekwepa mishale mingi, na mingine haikumkosa. Tulipoanza, mimi na Hosea tuliegemeza magodoro kwenye kuta za chumba cha nyuma cha mama yangu tupate mahali pa kurekodi, na kanda zetu tukaziuza kutoka kwenye buti la gari, mbele ya pale wanapooshea magari, kwa sababu hapakuwa na duka lililotutaka wala redio iliyotupiga. Watu wa New York walisema sisi wa kusini tunaongea kama tumelala. Walipoona buti linarudi tupu kila Jumamosi, wakaja hao hao, wakatumwagia mezani kamba wa mtoni waliochemshwa kwa pilipili, na tulipokuwa tumejipaka mafuta mpaka viwiko ndipo wakatoa karatasi na kalamu. Nilitia sahihi bila kunawa. Alama ya kidole changu cha mafuta ipo kwenye karatasi ile mpaka leo, na nyimbo za albamu ile si zangu mpaka leo. Kwa hiyo shikeni hili: msitie sahihi kitu chochote mbele ya chakula. Kuleni kwanza nyama ya mgeni, mnawe, mlale, na karatasi yake muisome asubuhi tumbo likiwa tupu.

Nyumba hii naiacha kwa Ondria, na shangazi yenu Ozella ataishi humu maisha yake yote, chumba cha mbele, na asiambiwe apunguze sauti anapoimba jikoni, maana mimi nimeshamwambia miaka yote na haikusaidia. Gari jekundu ni la Tavares. Lisiuzwe kwa hao wanaojiita wapenzi wa mambo ya kale. Siku ya kunizika liende mbele ya gari la maiti, polepole, buti wazi, mwendo ule tuliokuwa tukienda Jumapili jioni ili kila aliyekaa barazani aone rangi. Deuce Landry wa upande wa kaskazini atakuja. Miaka mingi aliniimba vibaya nami nikamwimba vibaya, na kwa kweli alikuwa na mistari mizuri kuliko nilivyokubali, lakini asipewe kipaza sauti. Atataka kulia mbele ya kamera. Mpeni sahani ya mbavu na mkate wa mahindi, akae safu ya tatu.

Kanda za asili, zile kubwa, nimezihamisha mara kwa mara, na hata Hosea hajui zilipo, anadhani anajua. Ziko ndani ya sanduku lenye makufuli mawili. Ufunguo mmoja utakuwa wa Ondria na mwingine wa Tavares, na hakuna atakayefungua bila mwenzake kuwepo. Mnacheka? Chekeni. Nimewaona ndugu waliopendana mpaka siku ya mazishi.

Ozella, niinue kidogo. Huo mto. Basi, hapo.

Sasa nirudi kwenye jina. Mnajua kanda zetu zilivyokuwa. Mtu akishika kipaza sauti anaanza kwa salamu, anataja mtaa, anataja rafiki aliye jela, anataja rafiki aliye kaburini, anataja fundi aliyempaka gari rangi, na asiyetajwa ananuna mwezi mzima. Nilimtaja kila mtu. Niliwahi kumtaja mbwa wa Hosea. Na mwanzoni kabisa nilimtaja mama yangu, Bi Earline, na mlango wake wa buluu, kwa fahari, kijana ana miaka ishirini na anataka dunia ijue kwa mama yake kuna mlango wa buluu. Ulimi uliponza kichwa, lakini kichwa hakikuwa changu. Watu waliokuwa na kisa nami hawakujua ninapolala, ila kanda walikuwa nayo, wakazunguka mitaa mpaka wakauona mlango wa buluu, wakaupiga teke. Mama hakuumizwa mwilini. Ila tangu siku ile mpaka anakufa hakulala tena bila kusukuma kabati nyuma ya mlango, na mlango wenyewe aliupaka rangi ya kahawia.

Tangu hapo jina la mtu wangu halikuingia kwenye kanda. Ondria alizaliwa, wakaniuliza mbona humtaji, wenzako wote wameimba watoto wao. Nikanyamaza. Aliposhinda mbio za shule, nilinyamaza. Alipohitimu uuguzi niliimba siku hiyo hiyo mbele ya uwanja mzima, nikataja kijito cha mtaani na daraja la barabara kuu, na yeye amesimama pembeni ya jukwaa na joho lake, anangoja. Nilimwona anangoja. Sikulitaja, na siombi radhi, kwa sababu yuko hai na mlango wake haujapigwa teke.

Kwa hiyo nilipolisikia jina lile kwenye wimbo wa uongo, nilisema, huyu mwizi ni mjanja, amelitia jina la Ondria ili tumshuku Ondria. Nikazidi kumshuku Tavares. Lakini Hosea akaniambia, "Molasi, tuushushe mwendo." Ndiyo kazi yake tangu ujana, kuuchukua wimbo na kuuzungusha polepole mpaka sauti ya mtu inakuwa nzito na kila kilichojificha nyuma yake kinajitokeza. Wimbo ule unaanza na pumzi yangu na kicheko kidogo, nasema, "Haya, haya basi." Maneno yanayofuata yameundwa, lakini kile kicheko ni changu, kilichukuliwa humu. Hosea akakishusha mwendo, akakishusha tena. Tukaisikia feni hii. Tukaisikia filimbi ya kifua changu. Na kabla tu sijacheka, tukasikia barafu ndani ya kikombe cha plastiki, ikitikiswa mara mbili.

Mimi sina ruhusa ya kunywa maji kama watu. Napewa barafu nimung'unye. Ozella huileta kwenye bakuli la kioo na kijiko, haitikisi. Tavares hajawahi kunilisha barafu maishani mwake. Kuna mtu mmoja tu anayetikisa kikombe mara mbili ili vipande viachane, na amefanya hivyo tangu akiwa mdogo, nilipokuwa nikimnunulia barafu ya sharubati pale kwenye kona, kiangazi, miguu mitupu, anaogopa lami itamchoma na mimi nimembeba begani. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakusema uongo, ila hawakusema kwamba kinachokula ndicho kinachokulisha.

Usitoke, Ondria. Kaa. Tavares, mshike dada yako asitoke.

Ulimpa Whitlow sauti yangu. Unasema nini? Sema nisikie, masikio yenyewe yanazibaziba. Hakukulipa. Alikuambia utakuwa wimbo wako peke yako, wa kusikiliza garini. Hukujua kwamba atautoa kwa watu. Na wewe ulitaka nini? Rudia, mamangu. Ulitaka kunisikia nikilitaja jina lako, hata kama ni uongo.

Basi.

Nilikuwa nimeshapanga jinsi ya kukunyang'anya nyumba. Nilikuwa nayo kichwani, maneno yote, wiki nzima nayaweka sawa. Yameondoka.

Tavares, wewe hukuiba. Sisemi kwamba wewe ni mtu safi, nasema hili hukulifanya, na nilikufungia mlango kwa kosa lisilo lako, usinililie sasa, utalia baadaye. Kesho utakaa na dada yako, mtampigia simu Whitlow, Ozella awepo awe shahidi, na wimbo ule uondolewe. Wewe unaijua lugha ya watu wale, na Ondria anaujua ukweli, kila mmoja peke yake hafai. Akitaka mkutane mahali, iwe hapa. Akileta chakula, msile. Na baada ya huo usitokee mwingine, wala mwaka huu, wala wajukuu zenu watakapokuwa na njaa ya sifa. Nikishanyamaza, niacheni ninyamaze.

Sasa zima feni, Hosea. Zima kabisa, isije ikaingia. Ondria, chukua simu yako. Ndiyo, hiyo yako, wengine waziache pale pale. Bonyeza. Imewaka? Isogeze. Usinitazame usoni, nitashindwa.

Hii ni sauti ya Cleophus Batiste, mwana wa Earline, Molasi wa kusini. Hakuna mdundo. Hakuna aliyeniandikia. Natoa salamu kwa mtu mmoja. Binti yangu anaitwa Ondria. Ondria Earline Batiste. Anakimbia kuliko watoto wote wa... wa shule yake. Alisimama pembeni ya jukwaa amevaa joho, nami nilimwona. Nilimwona. Ondria.

Zima. Usimpe mtu. Hata ndugu yako akikuomba, asikilize ukiwa umeishika wewe.

Mungu awalindie mlango. Awape... chakula msichodaiwa sahihi. Awaweke pamoja, nyinyi wawili, hata kwa ajili ya makufuli tu. Tavares, gari lisikimbie. Polepole. Hosea... umezima taa, au ni macho yangu? Nani yuko hapa? Kuna mtu amesimama karibu, simwoni ni nani.

Kinywa kimekauka. Nipeni barafu.

Tikisa kwanza, mamangu. Nijue ni wewe.