Sahihi ya Kumi

Benchi lilikuwa mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na kwa miaka ishirini hakuna jambo la dunia lililopita pale bila kukatiwa kauli. Alasiri hiyo, nje walikaa watatu na birika lao la kahawa: Dobi, aliyeacha pasi ikipoa, Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini si kusahihisha watu, na Waziri, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kushika cheo chochote. Ndani, kioo kikiwa kimebanwa jichoni, Fundi alijifanya ana kazi. Chini ya kisanduku cha skrubu alikuwa ameficha fomu ya udiwani ya binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu ana miaka minne. Zilitakiwa sahihi kumi za wakazi. Zilikuwapo tisa, zote za wanawake, na ofisi ya uchaguzi ilikuwa inafunga saa kumi. Saa kumi na nne za ukutani zilimwonyesha kwamba ni saa tisa na robo.

— Mtaa mzima unajua binti yako amepungukiwa sahihi moja, lakini sisi usituangalie, Fundi, alisema Dobi. Tumeshamsainia Mkandarasi, na mtu hadhamini wagombea wawili.

— Mlimsainia lini?

— Wiki iliyopita, ulipokwenda kununua betri. Alituagizia kahawa, akasema tuandike majina ya waliokunywa.

— Na wewe Mwalimu ukaandika bila kusoma?

— Sikuwa na miwani.

— Kazunguka hivyo hivyo mtaa mzima, Waziri akasema. Umebaki wewe tu. Na usithubutu! Msichana wa miaka ishirini na sita! Leo diwani, kesho mbunge, keshokutwa anapitisha sheria wanaume tukapike.

— Ukipika wewe, mtaa mzima utalazwa.

— Cheka tu, Dobi. Akiingia, ataanza na benchi hili. Atasema linaziba njia.

— Linaziba kweli, Fundi akajibu kutoka ndani.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu.

— Binti wa Kiislamu, picha kila ukuta, kila mpita njia anamkodolea macho. Kaka yako alikukabidhi umtunze, Fundi. Hakukukabidhi umbandike ukutani.

Hiyo ilimchoma. Kibano kilimponyoka, skrubu ikapotelea sakafuni. Jana alfajiri, akitoka msikitini, alikuta mtu ameitoboa macho picha ya binti huyo kwa msumari, akaibandua mwenyewe kabla binti hajaiona. Alikuwa anaogopa, na alijionea haya kwa kuogopa. Lakini pia alikumbuka alichoambiwa asubuhi, fomu ilipowekwa mkononi mwake: “Baba mdogo, miaka mitatu mimi ni katibu wa kamati ya afya. Kila nikiingia ofisini na hijabu yangu, mlinzi anadhani mimi ni mleta chai, ananiuliza chai ni ya nani. Nitapita saa tisa na nusu. Sitakuomba mara ya pili.”

— Halafu Mkandarasi naye ni Mwislamu, Mwalimu akaendelea. Si anatuwakilisha sote, wake na waume? Zahanati ile nani kaijenga?

— Kaijenga yeye! Waziri akapiga benchi. Bati jipya, vigae mpaka chooni!

Hapo akatokea kijana anayehema, mkoba wa nguo begani.

— Shikamooni wazee wangu. Tumehamia juzi, nyumba ile ya bluu. Mke wangu ameshikwa na uchungu, na anataka mkunga wa kike. Hapo zahanati leo yupo?

— Zahanati nzuri sana hiyo, alisema Waziri. Ina vigae...

— Mkunga wa kike, mzee. Yupo?

Waziri alimtazama Dobi, baba wa watoto saba. Dobi alimtazama Mwalimu. Mwalimu alivua miwani, akaanza kuifuta.

— Mambo hayo... alikuwa anayajua mama watoto, alisema Mwalimu.

— Fundi, na wewe? kijana akauliza.

— Sijui, alisema Fundi, na uso ukamwaka moto.

— Leo hayupo, ilisema sauti nyuma yao.

Binti alikuwa amefika, faili kifuani.

— Yupo Jumatatu na Alhamisi tu. Chukua teksi, mpeleke kituo cha afya cha sokoni. Muulizie dada mmoja mrefu, mwambie nimekutuma mimi. Kimbia, kaka.

Kijana alikimbia. Binti akageuka.

— Baba mdogo.

Fundi alikuwa ameshatoa fomu. Alipapasa mfuko, hana kalamu.

— Mwalimu, nipe kalamu yako.

— Fundi, watamtukana. Utaweza kuvumilia?

— Nitaumia. Nipe kalamu.

Mwalimu alisita, kisha akaichomoa mfukoni na kumpa bila kumtazama. Fundi aliandika jina lake lote, la baba yake na la babu yake, akasaini.

— Nenda, mwanangu. Mlinzi akikuuliza chai ni ya nani, mwambie umekuja kukaa.

Alimtazama mpaka alipokata kona. Dobi aliinua birika, akalikuta tupu, na hakuna aliyeagiza jingine. Fundi akageukia ukuta, na yeye ambaye maisha yake yote alizirekebisha saa ziende sawasawa, akasimama mbele ya zote kumi na nne akiziombea zichelewe.